Jina la Mwalimu Asiyeonekana

Likasi, tarehe 8 Februari 1970

Yaya wangu Marceline,

Jambo sana kwako, dada yangu, na kwa shemeki Édouard, mume wako, na kwa wote wa nyumba yako hapo Kamina. Sisi tuko wazima, Mungu anatushika. Mvua inatupiga kila siku. Hapa mtaani Kikula matope yamefika mpaka mlangoni, na mke wangu Rosalie anasema ukitaka kujua nani alikuja kututembelea, usiulize, angalia tu viatu. Binti yetu Hélène bado anafundisha watoto wa mwaka wa kwanza kwenye shule ya parokia. Anarudi na chaki mpaka kwenye nyusi. Miye niko palepale ku depo ya kiwanda, ninagawa buti, glavu na kofia za kazi. Juzi mtu mmoja alinirudishia buti mbili zote za mguu wa kushoto, akasema njo hivyo nilivyompa. Nikamuuliza: "Na weye ulizivaa wiki nzima namna gani?" Akajibu: "Kidogo kidogo, mukubwa."

Sasa keti vizuri, Yaya, maana nina jambo la furaha ambalo sijamwambia mtu mwingine wa damu yetu.

Tangu mwaka jana niliingia katika shule moja ya Ufaransa inayofundisha kwa njia ya posta. Inaitwa Shule ya Nuru ya Ndani. Usiogope, si uchawi wa kuua watu, na Misa sijaacha hata Jumapili moja. Wanafundisha kunyamazisha mawazo. Jioni nikitoka kazini ninafunga mlango wa chumba, ninawasha mshumaa, ninautazama na kupumua polepole kama walivyoandika. Miezi ya kwanza niliona tu mshumaa. Rosalie alikuwa anauliza mlangoni: "Umeme iko, mushumaa ya nini?" Lakini tangu Noeli, Yaya, ninaona mwanga wa buluu, na ndani ya mwanga anakuja mzee mwenye ndevu nyeupe na kanzu nyeupe, ananitazama kwa upole mpaka machozi yananitoka. Ni Mwalimu wangu. Shule ilisema kila mwanafunzi atapewa Mwalimu wake asiyeonekana, mmoja wa wale wakubwa wa zamani wa Mashariki. Amenipa na jina lake. Hilo siwezi kukuandikia, kwa sababu mwanafunzi akilitamka jina kwa mtu aliye hai, Mwalimu anaondoka.

Na kwa bahati amekuja wakati ninamhitaji. Unamkumbuka Assumani, yule wa Kasongo anayeuza vitambaa karibu na soko? Kijana wake Lukumani, anayeendesha lori, anataka kumuoa Hélène. Kijana si mbaya. Lakini Mwalimu aliniambia wazi: "Pas cette maison." Si nyumba ile. Basi nimewaambia watu wa Assumani wangoje jibu langu, na jibu nimekwisha kulijua. Hélène analia sasa. Siku moja atanishukuru.

Furahi pamoja nami, Yaya.

Mdogo wako,
Symphorien


Kamina, tarehe 1 Machi 1970

Symphorien, mtoto wa mama yangu,

Barua yako ilichelewa, treni ilikaa njiani kwa sababu maji yalikula reli. Tumefurahi kusikia mko wazima. Shemeki wako Édouard miguu inamuuma, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote: tangu apumzishwe kazi ya reli anaamuru kuku wangu kama vile ni mabehewa. Jogoo akipita vibaya anapigiwa filimbi.

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nimeketi kama ulivyoniambia. Sitakucheka, na sitasema ni shetani. Watu wakiogopa kitu wanasema haraka ni shetani, halafu hawaulizi tena. Miye nitauliza, kwa sababu na miye nimepita huko.

Mwaka ule nilipofunga Kwaresima nzima bila kula mchana, siku moja katika Misa nilisikia mwili mwepesi kabisa, na harufu ya maua ikanijia, tamu sana, na kanisani hamkuwa na ua hata moja. Nikalia. Nilipotoka niliwaambia wamama wote kwamba Bikira alinipitia. Wiki nzima nilitembea shingo juu. Jumapili iliyofuata harufu ikarudi, miye nikapiga magoti, na mama aliyeketi mbele yangu akageuka: ilikuwa pomada mpya ya nywele zake, mume wake alimletea kutoka Élisabethville. Na wepesi wa mwili, Symphorien, ulikuwa njaa.

Lakini kuna siku nyingine. Nilikuwa ninaosha sufuria, nimekasirika na jirani yangu kwa maneno ya bomba la maji. Nilikuwa ninapanga matusi nitakayomtolea. Halafu, sijui namna gani, ndani yangu kukanyamaza, nikamwona yule mama kama alivyo, amechoka, hana mtu. Hakukuwa na mwanga, hakukuwa na harufu. Niliacha sufuria nikampelekea unga, na miguu yangu haikutaka kwenda, ninakuambia ukweli. Hiyo sikumwambia mtu. Weye ni wa kwanza.

Basi ninauliza tu kama dada. Mwalimu wako anasema lugha gani? Amekwisha kukuambia jambo ambalo hukulipenda? Na Rosalie anasemaje?

Yaya wako,
Marceline


Likasi, tarehe 5 Aprili 1970

Yaya mpenzi,

Pasaka njema kwenu. Hapa Misa ilijaa mpaka watu wakasimama kwenye majani. Kwaya yetu iliimba vizuri, ila mpiga ngoma alitangulia alleluya akafika mwisho kabla yetu. Hélène anawafundisha wadogo wake wa shule kutembea kwa mstari kwa ajili ya sikukuu ya uhuru, tarehe 30 Juni. Wanatembea mikono na miguu ya upande mmoja, kama watu wa mbao.

Umeniuliza lugha. Mwalimu anasema Kifaransa, tena Kifaransa kizuri, cha polepole, ninamfahamu kila neno. Ninajua unachowaza, lakini yeye si pomada. Nikupe ushahidi. Mwezi wa kwanza aliniambia: "Un Blanc va partir." Mzungu mmoja ataondoka. Na kweli, siku chache baadaye Bwana Georges, mkubwa wa ofisi yetu, akarudi Ulaya kwa jumla! Watu wote walishangaa, isipokuwa miye. Hata siku aliporudisha buti na kofia yake ku depo, miye ndiye niliyezipokea, nilimtazama tu nikajisemea moyoni: nenda salama, ulikwisha kutajwa.

Kwa Hélène mambo si mepesi. Jumapili alinijia barazani.

"Papa, ule Mwalimu yako anamujua Lukumani?"

"Anajua bantu bote, kila mutu."

"Basi umuulize: siku lori ilikufa ku njia ya Mulungwishi, nani alimubeba ule mama wa mimba ku mugongo mpaka ku misioni?"

Nikamwambia Mwalimu haulizwi maswali ya malori. Akasema: "Ah bon. Kwa harusi yangu anajibu, kwa lori hajibu." Akainuka akaenda zake. Yaya, sikumlea mtoto kunijibu hivyo, lakini nilitaka kucheka, nikajizuia.

Mwalimu anasema nimefika daraja la tatu la shule.

Symphorien


Kamina, tarehe 17 Mei 1970

Ndugu yangu,

Leo ni Pentekoste. Nimekaa siku nyingi bila kukujibu. Sababu sisemi. Kuku wako wazima, Édouard mzima kwa nusu ya juu.

Mtu wa Ulaya anayerudisha buti na kofia anakwenda wapi, Symphorien, kuvua samaki? Karatasi ya kurudisha vyombo inapita kwanza ku depo au ofisi gani? Sitaki jibu. Jiulize tu ulikuwa umeona nini juu ya meza yako kabla Mwalimu hajasema.

Na umeniandikia ukurasa mzima, mpiga ngoma yumo, watoto wa shule wamo, hata Bwana Georges yumo. Rosalie hayumo. Niliuliza wifi yangu anasemaje, ukanijibu Kifaransa.

Muombe Mwalimu jambo moja kwa ajili yangu. Mwambie: niambie neno ambalo sitaki kusikia. Padri wa kweli anakuambia. Mke wa kweli anakuambia. Hata jogoo wa Édouard sasa anamjibu.

Ninakuombea, na ninakupenda, usisome vibaya.

Marceline


Likasi, tarehe 14 Juni 1970

Yaya,

Baridi imeingia. Asubuhi moshi wa kiwanda unakaa chini kama blanketi. Ninaandika mikono ikiwa mizito.

Rosalie yuko mtaa wa Panda kwa dada yake. Alisema anakwenda kumsaidia na mtoto mchanga. Mtoto yule sasa amekwisha kuota meno. Siku ya kuondoka alisimama na mfuko wake kichwani akaniambia: "Mukimaliza mazungumuzo yenu, weye na muzee yako, unitume mutu." Bila hasira. Njo kilichonichoma, kwamba hakuwa na hasira. Hélène ananipikia, ananiwekea sahani, anasema "Papa, chakula," na hayo ndiyo maneno yetu ya siku. Akibaki shuleni ninasonga unga wa bukari mwenyewe. Mabonge yake ungeweza kujengea ukuta.

Nilifanya ulivyosema. Niliketi, niliwasha mshumaa, mwanga ukaja, mzee akaja. Nikasema: Mwalimu, niambie neno ambalo sitaki kusikia. Nikangoja. Yaya, nilingoja mpaka magoti yakafa ganzi. Mwishowe akafungua mdomo, akasema: "Tu es trop bon, mon fils."

Wewe ni mwema kupita kiasi, mwanangu.

Nikafurahi. Halafu nikaangalia ile sahani yangu ya bukari, na nyumba ilivyo kimya, na moyo ukashtuka kidogo, kama mtu aliyekanyaga ngazi ambayo haipo. Nimezima mshumaa. Tangu siku ile sijauwasha, na Lukumani anangoja, na Assumani ametuma mtu tena kuuliza jibu. Nikisema hapana, na sauti haikuwa ya mbinguni, nimemuua mtoto wangu bure. Nikisema ndiyo, na ilikuwa ya mbinguni, nimemkataa aliyenijia. Sijui, Yaya. Ninataka kujua. Sitaki tena kuwa na haki, ninataka kujua.

Kwa hiyo ninavunja sheria ya shule. Ninakuandikia jina lake. Weye ndiye uliyenibeba mgongoni, nikifa kwa ajili ya hili utanizika vizuri. Jina hili sikulisoma kwenye kitabu chochote, sikulisikia kwa mtu yeyote. Lilikuja lenyewe ndani ya mwanga, mara ya kwanza kabisa, na nilipolisikia nililia kama mtoto. Ni la Misri au la Tibeti, sijui:

KILETI FIKATI.

Symphorien


Kamina, tarehe 28 Juni 1970

Ee Symphorien! Ee mdogo wangu! Ee mtoto wa mama!

Leo hakuna salamu, salamu zitafuata nyuma na treni ya mizigo. Nilifungua barua yako jikoni, nikafika kwenye jina, nikapiga kelele, Édouard akaja mbio na miguu yake mibovu akiuliza: "Nani amekufa?" Nikamjibu: "Hakuna! Kileti Fikati anaishi Likasi!" Nilicheka mpaka nikaketi chini kwenye maganda ya mihogo, halafu nikalia, halafu nikacheka tena. Usiwe na hasira. Ngoja nikueleze, weye ulikuwa mdogo, umesahau. Miye sijasahau.

Ulikuwa na miaka mitano hivi. Tulikaa misioni, kabla baba hajapata kazi ya kiwanda huko Likasi, wakati ikiitwa Jadotville. Mama alikuwa na homa ile ndefu. Miye ndiye nilikuwa ninakubeba mgongoni kila asubuhi kwenda Misa. Misa ya Kilatini, unakumbuka, hakuna aliyefahamu neno. Padri akifika chini ya ngazi za altare alikuwa anasema kitu, na wasaidizi wake wadogo wanamjibu mbio mbio kama mahindi yanayopasuka ndani ya sufuria, na katikati ya mbio zile kulikuwa na neno moja lililosikika vizuri: kileti fikati. Kila siku. Weye ukaniuliza sikioni: "Yaya, Kileti Fikati njo nani?"

Na miye, dada mkubwa, ningesema sijui? Nikakuambia: njo muzee mwenye kukaa nyuma ya altare. Ana ndevu nyeupe na kanzu nyeupe. Padri anamwita kila asubuhi, asipoitika Misa haianzi.

Weye ulimpenda, Symphorien! Ukiumwa ulikuwa unamwita. Ulimwekea viazi vitamu nyuma ya kanisa, mbuzi wa masista wakavila, na ulipoona havipo ulirukaruka kwa furaha kwamba muzee amekula. Siku tulipopanda gari kwenda mjini ulilia njia nzima. Baba alidhani unamlilia nyanya. Ulikuwa unauliza nani atampa chakula.

Juu ya Misri na Tibeti, mdogo wangu, huyo hajatoka nje ya misioni yetu.

Asubuhi hii nilimuuliza Padri Jean maana yake. Kwanza hakufahamu, nikamwimbia namna wale watoto walivyokuwa wanajibu. Akacheka kuliko miye. Akasema si jina la mtu. Ni maneno mawili ya jibu lile la zamani, qui laetificat, na jibu lote linamsema Mungu: "anayeufurahisha ujana wangu."

Sasa nisikilize bila kucheka. Sisemi ulidanganya. Ulimwona. Machozi yako yalikuwa machozi ya kweli, na upendo ule ni wa kweli, ulikaa ndani yako miaka yote hiyo bila mtu wa kuulisha. Mtu akikaa kimya sana anafika mahali alipoweka vitu vyake vya utoto. Hapo hakuna dhambi. Lakini Kifaransa kile ni chako. Daraja la tatu ni lako. "Pas cette maison" ni yako, na sababu yake unaijua weye, hukuniandikia, na miye sitakuchokora. Kuna kuona, na kuna kujiona. Mzee alipokuja, uliona. Alipoanza kukusifu, ulikuwa unajiona, kama kwenye kioo, ila umekivalisha ndevu.

Na tazama: umebeba jina la Yule anayeufurahisha ujana, na kijana wa nyumba yako, Hélène, analia jikoni kwa sababu ya jina hilo. Hapo tu, Symphorien, hata bila Padri Jean, mambo hayaendi pamoja.

Marceline


Likasi, tarehe 2 Agosti 1970

Yaya wangu Marceline, jambo sana, na jambo kwa Édouard na kwa jogoo,

Utanisamehe ukimya. Barua yako niliificha chini ya godoro, nilikukasirikia. Nilijisemea: huyu mwanamke amenichukulia Mwalimu wangu akamfanya mzee wa viazi. Nilikaa hivyo siku nyingi. Halafu mchana mmoja ku depo, mama anayeuza viazi vya kuchoma pale mlangoni alipitisha beseni lake, moshi ukaingia, na nikawaona mbuzi. Yaya, niliwaona! Mmoja alikuwa na pembe iliyovunjika. Nilicheka mpaka watu waliokuwa kwenye mstari wa glavu wakaanza kucheka nao, hawajui wanacheka nini. Yule wa buti za kushoto akasema: "Leo mukubwa iko na raha, tuombe na makoti."

Sasa nikuambie ambalo sikuandika. Ile "pas cette maison" sikuisikia kabla ya Jumapili moja ya mwezi wa kwanza. Jumapili ile, baada ya Misa, wawili wa kwaya walinishika mkono wakauliza kwa sauti ya chini: "Symphorien, ni kweli unapeleka mutoto kwa Baislamu?" Nikawaambia bado ninafikiri. Jioni yake Mwalimu akasema. Si ajabu kwamba nilimfahamu kila neno. Ilikuwa haya yangu, na miye nilikosa nguvu ya kuiita haya, nikaipa kanzu nyeupe.

Nilikwenda Panda. Rosalie alikuwa anaanika nguo. Nikamwambia: "Tumemaliza mazungumuzo, miye na muzee." Akauliza: "Nani alishinda?" Nikasema: "Yaya Marceline." Akachukua mfuko wake, ulikuwa umekwisha kufungwa, sijui tangu lini.

Tukaenda wote wawili mpaka duka la Assumani. Njiani nilipanga maneno. Nilitaka kusema kwamba baada ya kufikiri sana, kama mzazi, nimeona inafaa, maneno ya namna hiyo, ya kutoka pale na kichwa juu. Tulipoingia, Assumani alikuwa anasali sala ya alasiri nyuma ya meza, kwenye mkeka. Tukasimama kungoja kati ya vitambaa. Nilitazama nyayo zake alipoinama. Zimepasuka, kama za baba yetu. Na hapo, Yaya, bila mshumaa, bila kupumua kwa namna yoyote, kukawa kimya ndani yangu. Sikuona kitu, sikusikia kitu. Sikuwa ninajifikiria, basi. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa na aibu, na aibu haikuuma. Nikajua kwamba nitasema ukweli wote, na sikutaka hata kidogo.

Assumani, ambaye habari za Mwalimu zilikwisha kumfikia kwa mdomo wa Hélène, akakunja mkeka, akatuona.

"Ah, Baba Hélène! Karibu. Mwalimu yako njo amekutuma?"

"Apana. Leo nimekuya miye mwenyewe."

"Njo vizuri. Maana ule mwingine, ata chai siwezi kumupa."

Nikamwambia. Kwamba hakuna aliyenizuia, kwamba niliogopa midomo ya watu wa parokia, kwamba mtoto wake hana kosa. Rosalie alikuwa ananitazama kama siku tulipofunga ndoa. Assumani akanyoosha kitambaa kilichokuwa kimenyooka. Halafu akasema:

"Na miye unazania bantu ba musikiti balinyamaza? Kila Ijumaa banauliza kama mabinti ba kwetu Kasongo balikwisha. Sasa miye sikuwa na muzee wa kunijibia. Nilijibu peke yangu!"

Akapiga meza, akacheka, nikacheka, Rosalie akacheka mpaka akafuta macho na ncha ya kitambaa cha dukani, na Assumani akasema sasa hicho amekinunua. Zaina mke wake akatoka ndani na chai. Tumekubaliana: Hélène atabaki na sala yake, Lukumani na yake, na padri wetu amemwandikia askofu kuomba ruhusa.

Niambie, Yaya. Ile ya dukani ilikuwa ya kweli? Ninaogopa kuiamini. Ninaogopa pia kuitupa.

Symphorien


Kamina, tarehe 23 Agosti 1970

Mdogo wangu,

Tumepiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Édouard amemsamehe jogoo kwa heshima ya Hélène.

Unaniuliza kama ilikuwa ya kweli. Miye si padri. Ninaona tu kwamba katika barua hii Rosalie anasema, Assumani anasema, hata mama wa viazi ana beseni lake, na weye umo kidogo. Barua za kwanza weye ulizijaza peke yako. Tena ilikutuma mahali ambapo hukutaka kwenda, na ulipofika ulikuta watu wanakungojea. Usiiwekee daraja, na usifunge mlango chumbani kuingoja irudi. Ikija, sawa. Isipokuja, Rosalie yupo.

Harusi sitafika, miguu ya Édouard haipandi treni, na kumwacha peke yake na kuku siwezi. Nimetuma kwa mtu wa reli kikapu cha samaki wakavu. Niandikie yote, hata aliyeanguka akicheza.

Marceline


Likasi, tarehe 4 Oktoba 1970

Yaya wangu mpenzi,

Samaki walifika, na harufu yao ilifika kabla yao. Asante sana.

Imekwisha, imekuwa, Mungu asifiwe! Askofu alitoa ruhusa. Jumamosi ya wiki iliyopita waliandikishwa ku ofisi ya serikali ya komini, wakabarikiwa kanisani, halafu tukaenda nyumbani kwa Assumani kwa kisomo na chakula. Hélène alivaa kitambaa cheupe cha duka la baba mkwe, na watoto wake wa mwaka wa kwanza walimtangulia kwa mstari. Mikono na miguu sasa inakwenda vizuri, ila mmoja alipitiliza nyumba akaendelea mpaka barabara kubwa, tukamkimbilia. Wale wawili wa kwaya niliokuambia walikuja. Walikula pilau mara tatu. Mmoja aliniuliza kama Assumani ana binti mwingine, kwa ajili ya kijana wake. Aliyeanguka akicheza ni miye. Rosalie aliniinua, akaniambia niendelee.

Masomo ya Ufaransa bado yanakuja kwa posta. Ni karatasi nzuri, ngumu. Rosalie anafungia karanga.

Nikuambie moja tu la mwisho. Nyanya yake Lukumani, Bibi Kadidja, alikuwa ameketishwa mkekani ndani. Macho yake hayaoni tena. Kila mtu anayeingia alikuwa anampa mkono, naye anaupapasa, anauliza mwenyewe ni nani. Watu walikuwa wanajitaja kwa urefu: miye karani wa ofisi fulani, miye mukubwa wa kwaya, miye dereva wa muda mrefu. Zamu yangu ikafika, nikapiga magoti. Akashika mkono wangu, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye kiganja polepole.

"Na weye, njo nani?"

Yaya, mwaka huu nilikuwa nimejipa majibu mengi kwa swali hilo. Niliyatafuta, na hakuna hata moja lililokuja. Nje walikuwa wanapiga ngoma, na Hélène alikuwa anacheka kwa sauti, mtu amemwambia neno.

"Miye njo baba yake," nikasema. "Ule mwenye kucheka."

Bibi Kadidja akainua kichwa akasikiliza upande wa mlango. Akatabasamu, na mkono wangu hakuuachia.

Mdogo wako,
Symphorien